Mbwa Amekunywa Maji

Mutahi wa Wamagana alimwita mbwa wake Homgadi, na hakumficha mtu sababu. Wakati wa Emajensi, vita vya Mau Mau, homgadi walikuwa watu wa hapahapa nyumbani, waliopewa bunduki na Mzungu ili wawachunge wenzao. Mutahi alikaa kambini mikononi mwao hadi meno yakalegea. Uhuru ulipokuja na mashamba kugawanywa, yeye alipata kipande cha kufukuzia kuku, na homgadi wakapata kahawa, maduka na magari. Basi akasema, kwa kuwa hakuna homgadi atakayemtii maisha yake yote, atafuga mmoja wake.

"Homgadi, lala chini!" alikuwa akipaza sauti uani, na mbwa analala. "Homgadi, toka jikoni, mwizi wewe! Shamba lote hilo na bado hujashiba?"

Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Watiri, mkewe, hakucheka. Shamba la Hezekiah lilikuwa ng'ambo ya njia, ekari za kahawa zilizonyooka kama mistari ya daftari, na Hezekiah alikuwa homgadi wa kweli, tena aliyejulikana.

"Mwenye jina atasikia," Watiri alimwambia.

"Asikie. Nani alimwambia aache kusikia?"

Hezekiah alisikia. Alipita na pikapu yake ya Peugeot, akapunguza mwendo, akamtazama mbwa, akaenda zake. Hakuwahi kusema neno. Yeye na Mutahi walikuwa wametahiriwa siku moja, mto mmoja, na wa rika moja hawanyimani chumvi wala moto hata kama hawapendani. Walipokutana waliitana "wakini", wa rika langu, kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Kulikuwa na kovu. Watiri aliliona siku ya kwanza mumewe aliporudi kutoka kambini: refu, chini ya mbavu za kushoto, limeshonwa vibaya kama mdomo wa gunia.

"Walinitoa kitu," Mutahi alisema. "Daktari wao aliniambia si kitu cha maana, mtu huishi vizuri bila hicho."

"Kitu gani?"

"Ningejuaje? Sikuonyeshwa."

Toka siku hiyo hakuvua shati mbele ya mtu. Akilima jua kali, shati. Akioga, mlango umefungwa. Ni nani aliyemvunja huko ndani hadi akapasuliwa, hakusema, na Watiri hakuuliza. Kuna maswali ambayo mke huyaacha kama anavyoacha mzinga wa nyuki.

Mwaka ule mbwa waliingiwa na kichaa upande wa Kiganjo. Watu wa serikali walipita wakipiga risasi kila mbwa asiye na mwenyewe, na hadithi zilivuka mabonde haraka kuliko mbwa wenyewe: mtoto aliyeumwa akabweka kabla ya kufa, mwanamke aliyepiga mayowe alipoletewa uji. Kila mtu alijua jambo moja, kwamba mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji.

Na mwezi huohuo Homgadi alinaswa mguu kwenye waya ambao Mutahi mwenyewe alikuwa amewategea nungunungu waliokula viazi vyake. Mutahi alipiga magoti kumfungua. Waya uliingia ndani zaidi, mbwa akalia, akageuka, akamwuma mkononi, karibu na kidole gumba. Matundu mawili, si makubwa kuliko ya mwiba wa mchongoma. Alipofunguliwa, mbwa alijikunyata, masikio chini, akaanza kuilamba ile damu. Mutahi akamwachia mkono.

"Mwone anaomba msamaha," alisema akicheka. "Homgadi wa kwanza kufanya hivyo katika wilaya yote ya Nyeri."

"Ondoa huo mkono!" Watiri alisema.

"Ulimi wa mbwa ni dawa, Mama Wamucii. Umewahi kuona kidonda cha mbwa kikioza?"

Hakuwa ameona, wala mama yake. Hata hivyo habari za Kiganjo zilikuwa zimemkaa kooni. Alimsukuma mumewe hadi njiani, na wa kwanza kupita alikuwa Hezekiah na pikapu.

"Wakini, panda," Hezekiah alisema baada ya kuuona mkono. Mutahi alisimama kama mtu anayechagua kati ya mbwa wawili. Kisha akapanda nyuma, kwenye magunia, wala si mbele.

Zahanati ilikuwa na benchi moja, akina mama na watoto wao wenye kikohozi, na dresa mmoja, Simeon, kijana mwenye kanzu nyeupe na haraka. Aliosha matundu yale, akapaka aidini, akauliza habari za mbwa.

"Kwa kuumwa na mbwa tuko na sindano," alisema. "Ni za tumbo. Moja kila siku, wiki mbili. Inua shati, mzee, nione tumbo."

Mutahi hakuinua. Hezekiah alikuwa amesimama mlangoni akichezea funguo za gari.

"Hili shati haliinuki," Mutahi alisema.

"Mzee, ni sindano, si panga."

"Mbwa wangu hana kichaa. Alikuwa na uchungu."

Mama mmoja kwenye benchi akamgonga mwenzake kwa kiwiko. "Wanaume hawa! Ati walipigana na Mzungu, na sindano inawashinda." Benchi zima likacheka. Mutahi naye akacheka, maana kicheko kilikuwa kichaka cha kujifichia.

"Umewahi kupasuliwa?" dresa aliuliza, kalamu mkononi. "Uko na ugonjwa mwingine wowote?"

"Hapana."

Watiri alifungua mdomo. Alimwona mumewe akimtazama. Hayakuwa macho ya hasira, yalikuwa ya kusihi, na katika miaka yote ya ndoa hakuwa amewahi kumwona akisihi. Alitazama mlangoni. Hezekiah alikuwa akihesabu funguo kama rozari, kichwa chini. Watiri akafunga mdomo. Mke hamvui mumewe nguo mbele za watu.

"Basi mfungeni huyo mbwa," Simeon alisema. "Mwangalieni siku kumi. Kama ni kichaa, ataanza kuogopa maji, hatakula, na atakufa. Hapo mnamleta mzee mbio, apende asipende. Lakini mbwa akila na kunywa, msiwe na wasiwasi. Mbwa mzima, mtu mzima."

Hiyo ndiyo sheria waliyorudi nayo nyumbani. Ilikuwa sheria nzuri. Mtu yeyote angeweza kuishika, hata asiyejua kusoma.

Watiri alimfunga Homgadi kwenye mti wa uani kwa kamba ya ng'ombe. Asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alimpelekea maji kwenye sufuria ya zamani, akasimama huku mikono imekumbatia kifua. Mbwa alinusa, akatazama juu, akanywa yote hadi sufuria ikaimba.

"Amekunywa!" Watiri alipaza sauti kuelekea nyumbani.

"Na mimi nimekunywa!" Mutahi alijibu kutoka ndani. "Sasa ni nani atafungwa kwa mti?"

Majirani nao walianza kuja. Mbwa ambaye walikuwa wakimrushia mawe alipata wageni kama bibi arusi. Walisimama mbali, wakauliza amekula nini, wakatazama ulimi wake, wakatazama mate yake. Kahiga, mdogo wake Mutahi, alikuja na bakuli lake mwenyewe la maji, maana hakuamini sufuria ya shemeji yake. Mbwa akanywa na hayo. "Huyu ni mzima kuliko sisi," Kahiga alisema, na watu wakaenda mashambani kwao na mioyo myepesi. Hezekiah hakuingia uani. Aliuliza akiwa njiani, injini ikinguruma: "Anakunywa?" Watiri akaitikia kwa kichwa.

Kisha Mutahi akasema anasikia baridi.

Ilikuwa baridi ya kawaida, mtu angesema. Alikuwa ametoka Kutus siku chache nyuma kuuza viazi, na kila mtu anajua mbu wa kule chini Mwea, kwenye mashamba ya mpunga. Alilala na koti. Alitapika uji. Mkono haukuwa umevimba sana, matundu yalikuwa yamefunga vizuri. Kidonda chenyewe ndicho kilichowadanganya zaidi. Mtu akiutazama mkono angesema umepona.

"Ni malaria," Kahiga alisema. "Mpe klorokwini."

Watiri akampa. Akamchinjia kuku, akampikia supu, na Mutahi akaisukuma kando. Supu haitupwi. Watiri aliipeleka uani akampa mbwa, na mbwa alipoilamba hadi chini, yeye alisikia kifua chake kikifunguka. Alianza kumpenda yule mbwa. Ni jambo la aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alimpa maziwa. Alimkuna shingo. Mumewe alikuwa ndani akitetemeka chini ya mablanketi matatu, naye alikuwa nje akimshukuru mbwa kwa kunywa maji.

Kulipokucha Mutahi alikuwa akisema maneno yasiyopangika. Alimwita Watiri kwa jina la mama yake. Alimwomba mtu fulani, asiyekuwepo chumbani, asimpige tena upande huo, upande mwingine ndiyo, lakini si huo. Vidole vyake vilikuwa baridi na vyeusi kwenye ncha, na alipomfunua miguu Watiri aliona madoa ya rangi ya zambarau, kama ya mtu aliyelalia matunda yaliyoiva.

Alitoka nje akikimbia. Pikapu ya Hezekiah ilikuwa ng'ambo ya njia, watu wakipakia kahawa. Angeita mara moja tu na Hezekiah angesikia. Alifika kwenye kichaka cha mpaka, mkono tayari mdomoni.

Nyuma yake alisikia mlio wa kulamba. Aligeuka. Homgadi alikuwa ameinamisha kichwa katika sufuria, anakunywa, mkia unapiga vumbi.

Watiri alisimama hapo katikati, kati ya pikapu na mbwa. Mbwa mzima, mtu mzima. Dresa aliyevaa nyeupe alisema. Kahiga alisema, majirani wote walisema. Je, aende akamwombe Hezekiah, mbele ya vibarua wake, halafu aonekane mwanamke wa kupiga mayowe kwa malaria? Mutahi angemsamehe lini? Aliuteremsha mkono. Akarudi ndani kumbadilishia kitambaa cha maji kichwani.

Pikapu ikaondoka na kahawa.

Iliporudi alasiri Watiri hakuita tena, alijirusha mbele yake barabarani. Safari hii Mutahi alikaa mbele, maana hakuwa na nguvu ya kukataa. Kichwa chake kilimlalia Hezekiah begani kila kona, na Hezekiah hakukisukuma.

Hospitalini mjini daktari alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu kwa uchovu. Hakuuliza habari za shati. Alichukua makasi akalikata toka chini hadi shingoni, na kovu likabaki wazi chini ya taa, mbele ya Watiri, mbele ya Hezekiah, mbele ya manesi wawili. Mutahi hakujua. Yalikuwa yamekwisha yale ya kujua.

Daktari aliweka kidole juu ya kovu. "Hapa alitolewa nini?"

Watiri alisema hajui. Alisema kambini, zamani. Alisema kitu kisicho cha maana.

"Nani anajua?"

Watiri akatikisa kichwa. Kisha Hezekiah akasema, akitazama sakafu: "Lilikuwa teke. La buti. Kitu kilipasuka ndani, tumbo likajaa damu, wakamtoa hicho kitu. Wengu."

"Wewe umejuaje, mzee?"

"Nilikuwepo."

Watiri alitazama viatu vya Hezekiah. Vilikuwa viatu vizuri, vya ngozi, vimepakwa rangi asubuhi hiyo.

Daktari alikuwa ameshaanza kuwafokea manesi kuhusu penisilini na maji ya mshipa. Baadaye, kwenye ukumbi, alimweleza Watiri, na alieleza kwa upole, polepole. Mdomo wa mbwa una vijidudu vyake. Si kichaa, ni vijidudu tu vya mate, na mbwa hana habari navyo, anaishi navyo akiwa mzima kabisa. Vikiingia kwenye damu ya mtu kama wewe au mimi, wengu huvisafisha, nasi hatujui hata kwamba vilipita. Asiye na wengu hana wa kuvisafisha. Vinazaana kwenye damu hadi damu yenyewe inaganda vidoleni.

"Angedungwa penisilini siku ile aliyoumwa," alisema, kisha akaacha sentensi hapo.

"Lakini mbwa ni mzima," Watiri alisema. "Anakunywa maji. Hata leo amekunywa."

"Ndiyo, mama. Mbwa ni mzima. Mate ya mbwa mzima yanatosha."

"Sasa tulikuwa tukiangalia nini?"

Daktari akamshika bega. Mutahi alikufa kabla chai ya wagonjwa haijapita, vidole vyeusi kama vya mchoma makaa. Hezekiah ndiye aliyewarudisha nyumbani, hai na maiti.

Siku ya mazishi uani palijaa. Wazee wa kanisa walikuja, akina mama walipika, na Simeon dresa alikuja pia, kwa heshima, na kanzu yake nyeupe ameiacha zahanati. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwenye mti kumtazama mbwa. Siku kumi zilikuwa zimetimia.

"Anakula?" aliuliza.

"Kama simba," Kahiga alisema.

"Basi si mbwa," Simeon alisema kwa sauti, ili watu wasikie. Alikuwa na haja ya kusikiwa. "Tuliangalia kama inavyotakiwa. Mbwa hana hatia. Ni malaria ya Mwea, imepanda kichwani."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwanamke mmoja akanong'ona kwamba si malaria, ni mtu wa Kutus aliyemtilia kitu katika chakula. Mwingine akasema amewahi kusikia hivyo. Kahiga akakata kamba kwa kisu. Homgadi alijikung'uta, akazunguka uani akinusa miguu ya wageni, akakubaliwa. Kuna aliyemtupia mfupa.

Wamucii, binti yao, alikuwa amekuja na mtoto wake wa pili, yule aliyepewa jina la nyanya yake kama desturi inavyotaka. Watiri mdogo alikuwa anaanza kutembea. Alianguka penye changarawe, akachubuka goti, akalia. Homgadi alikuwa hapo kabla ya mama yake. Alianza kulilamba lile goti, taratibu, na mtoto akanyamaza, akacheka.

"Muone," bibi mmoja mzee alisema. "Mwacheni. Ulimi wa mbwa ni dawa."

Watiri hakukumbuka jinsi alivyoinuka. Alikuwa na ukuni mkononi, wa moto bado, na aliushusha mgongoni mwa mbwa mara ya kwanza na ya pili, na mbwa akatoa ukelele, na mtoto akapiga mayowe, na watu wakamrukia wakamshika mikono.

"Mnaacha alambwe!" alikuwa akisema. "Hicho ndicho kilichomuua! Mate! Si kichaa, ni mate! Daktari alisema! Hakuwa na wengu, walimpasua kambini, walimtoa wengu!"

"Shemeji, tulia," Kahiga alisema. "Wengu umeingiaje hapa? Mbwa tumemwangalia sote."

"Muulizeni Hezekiah! Alikuwepo. Hezekiah, waambie. Waambie daktari alisema nini. Waambie lile teke!"

Watu wote waligeuka. Hezekiah alikuwa amesimama nyuma, karibu na wazee wa kanisa, kofia mkononi. Watiri alimwona akimeza mate. Kwa muda mfupi alidhani atasema, na muda huo ulikuwa mrefu kuliko ndoa yake yote.

"Mimi nilikuwa nje, kwa gari," Hezekiah alisema. "Mama Wamucii amechoka. Mpumzisheni."

Akavaa kofia yake.

Wakamkalisha Watiri kwenye kigoda. Hakupigana tena. Aliwasikia wakisemezana juu ya kichwa chake, kwa sauti za chini, kama watu wanaosemezana juu ya ng'ombe mgonjwa: kwamba macho yake si ya kawaida, kwamba ameongea maneno yasiyoeleweka, kwamba alimshikashika yule mbwa siku hizo zote, alimkuna shingo, alimlisha kwa mkono. Simeon alisogea kidogo nyuma. Wamucii akambeba mtoto wake, akaenda naye mbali, upande wa jikoni, mbali na mama yake. Mbwa akawafuata wakiwa njiani, ulimi nje, akirukia lile goti.

Kahiga akarudi na kikombe cha maji. Alikishika kwa mikono miwili, hakukisogeza karibu sana.

"Shemeji," alisema. "Kunywa kidogo."

Kila jicho lilikuwa kwenye kile kikombe. Watiri aliyatazama maji, akatazama nyuso. Angekitupa, wangemfunga. Angesema tena, wangemfunga. Akakipokea, akanywa yote hadi chini.

"Amekunywa!" Kahiga alisema, na watu wakashusha pumzi, wakarudia kula.